Kazi Imebadilika, Karatasi Haijui: Namna ya Kuhuisha Maelezo ya Kazi ya Mfanyakazi

Mtunza stoo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi aliajiriwa kupokea mzigo, kuupanga na kuutoa. Miaka minne baadaye anaingiza bidhaa kwenye kompyuta, anakata risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) keshia akienda kula, na mara mbili kwa wiki anabeba fedha kwenda benki. Kwenye jalada lake hakuna hata barua moja inayosema hivyo. Siku laki nane zikikosekana, mwajiri atasema "hiyo ni kazi yako", naye atajibu "nionyeshe ilipoandikwa". Kila mmoja atakuwa na nusu ya ukweli.

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara, meneja au afisa rasilimali watu katika sekta binafsi Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na watumishi wa umma wana miundo yao ya utumishi. Hao hatuwagusi hapa. Kwa msomaji wa Kenya kuna maelezo mafupi kuelekea mwisho. Mfano wetu wa mtunza stoo utatusindikiza njia nzima, maana nafasi yake ndiyo inayoongezewa kazi kimyakimya kuliko nyingine nyingi.

Sheria inadai nini hasa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya msingi ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi. Miongoni mwake ni maelezo ya kazi yenyewe, kituo cha kazi, saa za kazi, aina na muda wa mkataba, na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Kama yote hayo yamo ndani ya mkataba aliopewa, huhitaji karatasi ya pili.

Kifungu hicho hicho kina mambo manne yanayosahaulika. La kwanza ni kwamba jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri anatakiwa kurekebisha maelezo hayo kwa kushauriana na mwajiriwa, kisha amjulishe badiliko kwa maandishi. Kushauriana na kujulisha ni vitu viwili, na barua inayotua mezani bila mazungumzo imetimiza kimoja tu. La pili, mfanyakazi asiyeyaelewa maelezo hayo aelezwe kwa namna atakayoielewa. La tatu, karatasi hizo zitunzwe miaka 5 baada ya ajira kukoma. La nne ndilo linalouma: ikifika kwenye shauri na mwajiri akashindwa kuleta maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye.

Namba za vifungu tunazotaja ni za sheria kama ilivyotungwa. Sheria hiyo imefanyiwa marekebisho na urekebu zaidi ya mara moja, kwa hiyo ukikuta namba imesogea, fuata maudhui, na uwe na nakala ya karibuni kabla hujaandika barua yoyote.

Pima ukubwa wa badiliko kabla hujagusa kalamu

Migogoro mingi haianzi kwa sababu mwajiri alibadili kazi. Inaanza kwa sababu alibadili kazi yenyewe huku akiamini ameweka tu maelezo sawa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua unafanya lipi kati ya haya matatu.

Kuna kufafanua: kazi ni ile ile, ila karatasi ilikuwa na maneno ya jumla au ya zamani. Daftari limekuwa kompyuta, fomu ya kijani imekuwa ya njano. Hapa mazungumzo ya nusu saa na toleo jipya lililosainiwa yanatosha.

Kuna kuongeza au kupunguza ndani ya kazi ile ile: mtunza stoo aliyekuwa anahesabu bidhaa mara moja kwa mwezi sasa anahesabu kila wiki. Ngazi ni ile ile, ujuzi ni ule ule, ila muda umeongezeka. Hapa lazima ufanye hesabu ya saa.

Kisha kuna kubadili kazi yenyewe. Huyu huyu anapewa fedha za kushika, au watu watatu wa kuwaongoza, au anahamishiwa tawi la mkoa mwingine. Hilo ni badiliko la mkataba, na linataka ridhaa yake.

Ukiwa huna uhakika, jiulize maswali sita. Mshahara au marupurupu yanaguswa? Saa au zamu zinabadilika? Kituo kinahama? Anayemripoti au wanaomripoti wanabadilika, au cheo kinashuka? Kunahitajika leseni, cheti au ujuzi ambao hakuajiriwa nao? Anabeba hatari mpya ya fedha au ya mwili? Jibu moja tu la "ndiyo" linakutosha kulichukulia badiliko hilo kuwa la aina ya tatu. Ukikosea kwa kuwa mwangalifu kupita kiasi umepoteza siku chache. Ukikosea upande wa pili, safari inaweza kuishia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA.

Hapa ndipo wengi wanapokimbilia mstari ule wa mwisho wa kila maelezo ya kazi: "na kazi nyingine yoyote atakayopangiwa na mwajiri". Mstari huo una faida yake, unaziba mianya midogo ya kila siku. Lakini haumgeuzi mtunza stoo kuwa keshia wala dereva. Unabeba kazi zinazofanana na zile zilizoorodheshwa juu yake, za ngazi ile ile, na kwa kawaida za muda. Tunapendelea uandikwe hivi: "Kazi nyingine zinazoshabihiana na hizi na za ngazi hii, atakazopewa na msimamizi wake; zikizidi siku 10 za kazi mfululizo zitaandikwa." Unaonekana mwembamba zaidi, lakini mbele ya mwamuzi una uzito kuliko ule mpana.

Kusanya kazi inayofanyika kweli

Usiandike maelezo mapya kwa kukaa ofisini na kukumbuka. Wala usinakili ya kampuni nyingine kutoka mtandaoni. Utajikuta umemwandikia mtunza stoo wa Mbagala majukumu ya mtu wa ghala la bandari.

Mpe mfanyakazi karatasi yenye safu tano: nimefanya nini, mara ngapi, imechukua muda gani, nani aliniagiza, nimetumia kifaa au mfumo gani. Aijaze kwa wiki mbili. Chagua wiki mbili zinazogusa mwisho wa mwezi, maana kazi za kufunga hesabu na kuhesabu stoo hazionekani katikati ya mwezi. Msimamizi wake naye aandike peke yake, bila kuona ya mwenzake, yale anayodhani mfanyakazi huyo anafanya. Halafu weka karatasi mbili pamoja.

Zinapotofautiana ndipo penye kazi yako. Kazi ambayo mfanyakazi ameiandika na msimamizi hakuiandika, mara nyingi aliirithi kwa mtu aliyeondoka na nafasi yake haikujazwa. Kazi ambayo msimamizi ameiandika na mfanyakazi hakuiandika, ama haifanyiki ama inafanywa na mtu mwingine. Safu ya "nani aliniagiza" inafichua jambo lingine: mtu mmoja anayetumwa na mabosi watatu. Hilo halitibiwi kwa maelezo ya kazi. Lazima kwanza uamue anaripoti kwa nani.

Sasa fanya hesabu. Tuseme kwa wiki mtunza stoo wetu ana saa 12 za kupokea mzigo, 15 za kutoa, 5 za kuhesabu, 8 za kuingiza kwenye mfumo na 3 za ripoti. Jumla 43. Kikomo cha kawaida cha sheria ni saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa hiyo yuko ndani. Ongeza benki saa 6 na kumshikia keshia saa 5: imekuwa 54. Saa 9 zimezidi.

Saa hizo si za bure. Kazi ya ziada inafanyika kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki 4, na inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kupata ujira wa saa moja kwa mtu wa mshahara wa mwezi anayefanya saa 45 kwa wiki, gawa mshahara wa msingi kwa 195 (yaani wiki 4.333 mara saa 45). Mshahara wa 585,000 unatoa 3,000 kwa saa, kazi ya ziada 4,500. Saa 9 kwa wiki 4 ni saa 36, yaani shilingi 162,000 kila baada ya wiki nne. Ukiiona namba hiyo unaanza kufikiri tofauti: labda benki iende kwa mhasibu, labda keshia apate msaidizi wa nusu siku. Na kama kazi hiyo inaangukia kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ongeza asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, ikikokotolewa juu ya ujira wa saa ya kazi ya ziada.

Angalia pia saa ya chakula. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Ukimwandika mtunza stoo amshikie keshia saa 7 mchana, yeye mwenyewe anakula saa ngapi? Andika.

Namna ya kuyaandika

Kurasa mbili zinatosha kwa nafasi nyingi. Zikizidi, hakuna atakayezisoma baada ya kusaini. Juu kabisa weka cheo, idara, kituo cha kazi, anayemripoti (taja cheo, usitaje jina la mtu), wanaomripoti, saa au zamu, namba ya toleo na tarehe ya kuanza kutumika. Chini yake sentensi moja ya lengo la kazi. Kisha majukumu, kati ya 6 na 10. Kisha mamlaka: anaweza kuidhinisha nini bila kuuliza, na kwa kiasi gani. Sehemu hii ya mamlaka huachwa wazi mara kwa mara, na ndiyo inayoleta maswali ya "nani alikuruhusu?" Mwisho weka sifa zinazohitajika, vifaa vya kujikinga kama vipo, na nafasi za sahihi.

Jukumu likiandikwa vizuri linaonyesha tendo, kinachotendwa, lini, na kiwango. Linganisha:

*La zamani:* Kusimamia stoo na kuhakikisha mambo yanakwenda vizuri.

*Jipya:* Kupokea mzigo wa wasambazaji: kuhesabu kila bidhaa mbele ya dereva, kulinganisha na hati ya mzigo na oda ya ununuzi, na kuandika tofauti kwenye daftari la mapokezi kabla gari halijaondoka.

*Jipya:* Kuingiza mapokezi na matoleo yote kwenye mfumo siku hiyo hiyo, kabla ya saa 11 jioni.

*Jipya:* Kuhesabu bidhaa 20 zinazotoka zaidi kila Jumamosi, na stoo yote siku ya mwisho ya mwezi. Tofauti yoyote kumpelekea msimamizi kwa maandishi siku hiyo.

Jihadhari na "kusimamia", "kushughulikia" na "kuhakikisha". Si makosa, ila peke yake hayapimiki. Ukijikuta umeandika "kuhakikisha", jiulize anahakikisha kwa kufanya nini, kisha andika hicho.

Tabia kama "awe mwaminifu na mchapakazi" ziache kwenye tangazo la kazi. Umri, jinsi, hali ya ndoa, dini, kabila, ulemavu au hali ya afya usiviingize kama sifa, isipokuwa kazi yenyewe kwa asili yake inadai hivyo. Kifungu cha 7 cha sheria ile ile kinakataza ubaguzi wa namna hiyo, na "mhudumu wa kike, asiwe na mtoto mdogo" ni mfano wa mstari unaoweza kukufikisha pabaya. Kama kazi ni kubeba mifuko ya saruji, andika "kubeba mfuko wa kilo 50 kwa mikono au toroli". Uzito wa mfuko unajieleza wenyewe, na anayeweza ataomba.

Kama karatasi zenu huandikwa kwa Kiingereza, toa na nakala ya Kiswahili, na useme ipi inatawala zikitofautiana. Sahihi ya mtu asiyesoma alichosaini haina uzito unaoudhani.

Mazungumzo

Mpe rasimu kabla ya kikao; siku 3 hadi 5 za kazi ni muda wa heshima. Kumwita mtu ofisini, kumsomea na kumpa kalamu papo hapo ni njia ya haraka ya kupata sahihi na njia ya haraka ya kuipoteza baadaye. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, soma kwanza mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, kwa sababu huenda una kipengele cha uhamisho, kukaimu au mabadiliko ya zamu kinachokubana zaidi ya sheria. Mfanyakazi akitaka kuja na mwakilishi wake, mwache aje.

Kwenye kikao anza na sababu ya biashara, isemwe wazi: mfumo mpya umefungwa, keshia mmoja ameondoka, tawi limefunguliwa. Kisha pitieni jukumu moja moja. Kuna swali ambalo mameneja hulikwepa, nalo ndilo linalolainisha kikao kuliko mengine yote: "Tukikuongezea hili, tukupunguzie lipi?" Usipouliza, mfanyakazi atakujibu mwenyewe baadaye kwa kuacha kufanya kitu, na hutajua kipi mpaka kikuharibikie.

Andika muhtasari: tarehe, waliokuwepo, aliloomba, ulilokubali, ulilokataa na kwa nini. Nusu ukurasa. Wote msaini. Huo ndio ushahidi wako wa kushauriana. Ukiwa na barua peke yake utabaki na ushahidi wa kujulisha tu.

Barua yenyewe

Ndugu ………,

YAH: MABADILIKO YA MAJUKUMU YA KAZI

Rejea mkataba wako wa ajira wa tarehe …… na mazungumzo yetu ya tarehe …….

Tumekubaliana kwamba kuanzia tarehe …… majukumu yako yatakuwa kama yalivyoandikwa katika maelezo ya kazi yaliyoambatishwa, toleo namba 2, ambayo yanachukua nafasi ya toleo namba 1. Majukumu yanayoongezeka ni ……. Majukumu yanayoondoka ni ……, ambayo sasa yatafanywa na ……. Mshahara wako utakuwa …… (au: hautabadilika). Saa zako za kazi zitakuwa ……. Masharti mengine yote ya mkataba wako yanabaki kama yalivyo.

Utapata mafunzo ya …… kati ya tarehe …… na ……. Tutakutana kupitia utekelezaji tarehe …….

Nimepokea barua hii (sahihi, tarehe): ………
Nimekubali mabadiliko haya (sahihi, tarehe): ………
Maoni yangu: ………

Sahihi mbili zimewekwa makusudi. Kupokea si kukubali, na barua nyingi zenye mstari mmoja wa "sahihi ya mwajiriwa" huzua ubishi wa alisaini lipi. Sentensi ya "masharti mengine yanabaki" nayo usiiache. Bila hiyo mtu anaweza kudai kwamba mkataba mpya umeanza na miaka yake ya nyuma imefutwa. Usirudishe tarehe nyuma. Kama amekuwa akifanya kazi hiyo tangu Machi na barua inatoka Agosti, sema hivyo hivyo: amekuwa akiifanya tangu Machi, na kuanzia leo imeandikwa.

Akikataa

Kwanza jua anakataa nini. Mara nyingi hakatai kazi. Anakataa mshahara kubaki pale pale, au anaogopa fedha, au hajui kompyuta na anaona aibu kusema. Kila moja ina dawa yake: zungumzeni malipo, weka kikomo cha fedha na mlinzi, toa mafunzo. Kipindi cha majaribio cha miezi 2 au 3, chenye haki iliyoandikwa ya kurudi kwenye kazi ya awali, hufungua milango mingi.

Usimfungulie shauri la nidhamu kwa kukataa kazi isiyomo kwenye mkataba wake. Wala usimbane kwa kumnyang'anya meza, kumhamishia kona ya mbali au kumkata posho mpaka achoke. Akiondoka kwa sababu umeifanya ajira isivumilike, kifungu cha 36 kinahesabu kwamba wewe ndiye uliyemwachisha kazi. Ana siku 30 za kupeleka shauri la kuachishwa CMA. Malalamiko mengine ana siku 60.

Na kama kazi yake ya zamani kweli haipo tena, kwa mfano stoo imefungwa na mzigo unatoka moja kwa moja kiwandani, hapo umetoka kwenye kuhuisha maelezo. Umeingia kwenye upunguzaji wa wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji, wenye taratibu zake chini ya kifungu cha 38: notisi, kutoa taarifa muhimu, na mashauriano kabla ya uamuzi. Kazi mbadala uliyompa inaweza kuwa sehemu ya mashauriano hayo, lakini usizichanganye njia mbili katika barua moja.

Mshahara, kukaimu na kupandishwa

Kazi inaweza kupungua bila mshahara kupungua. Kupunguza mshahara bila makubaliano, kwa hoja kwamba "majukumu sasa ni mepesi", ni kuvunja mkataba.

Kukaimu ndiko kunakoharibu majalada mengi. Mtu anaambiwa kwa mdomo akaimu usimamizi "mpaka tupate mtu", na mtu hapatikani. Barua ya kukaimu iwe na tarehe ya kuanza na ya kuisha, posho ya kukaimu, mamlaka anayokaimu nayo na yale asiyokuwa nayo, na sentensi kwamba mwisho wake atarudi kwenye nafasi yake. Tarehe ikifika, ama umthibitishe ama umrudishe ama uongeze muda kwa barua mpya. Posho hiyo ipite kwenye orodha ya mishahara na ikatwe PAYE (kodi ya mapato ya ajira) kama kipato kingine cha ajira. Kulipa kwa bahasha kunaacha pengo ambalo mkaguzi wa kodi hatalifumbia macho.

Unapompandisha mtu hadi kwenye menejimenti, kumbuka kwamba masharti ya saa za kazi na kazi ya ziada hayawahusu wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Cheo kikubwa kinaweza kumkosesha malipo aliyokuwa akiyazoea kila mwezi. Fanya hesabu hiyo naye kabla ya kusaini, maana akiigundua mwenyewe mwezi wa pili atadhani umemchezea. Na kumwita "msimamizi" mtu asiyemsimamia yeyote, ili tu usimlipe kazi ya ziada, hakumtoi kwenye sheria. Kinachoangaliwa ni anachofanya.

Fedha, funguo na makabidhiano

Jukumu jipya lenye mali au fedha lisianze bila makabidhiano. Stoo ihesabiwe, anayekabidhi na anayepokea wasaini orodha moja, na msimamizi ashuhudie. Funguo zihesabiwe. Nywila ya mfumo iwe ya kwake mwenyewe, na ya mtangulizi ifungwe siku hiyo hiyo. Wakitumia nywila moja wawili, hutaweza kuthibitisha nani alifuta ingizo lipi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni pamoja na kumbukumbu za kompyuta.

Hili linahusu mshahara pia. Kumkata mfanyakazi kufidia upotevu hakufanyiki kwa amri ya bosi. Chini ya kifungu cha 28, hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, umjulishe kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Bila makabidhiano yaliyosainiwa, kuthibitisha "kosa lake" ni kazi ngumu sana.

Miezi mitatu ya mwanzo

Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni ionekane kwamba alikijua kiwango, kiwango kilikuwa cha haki, alielekezwa au kufunzwa, na alipewa muda wa kutosha kurekebika. Maelezo mapya ya kazi ndiyo yanayokiweka kiwango hicho wazi. Kwa hiyo panga kukaa naye siku ya 30, ya 60 na ya 90, dakika 20 kila mara, na uandike mistari mitano. Siku ya 30 usitafute makosa. Tafuta jukumu lililoandikwa vibaya. Daima lipo moja, ama halitekelezeki kwa muda uliowekwa ama linagongana na la mtu mwingine.

Wengine wanahitaji uangalifu zaidi. Mama aliyerudi kutoka likizo ya uzazi ana haki ya kurejea kwa masharti yale yale. Usimkaribishe na cheo kipya. Mjamzito au anayenyonyesha asipewe kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na akihamishwa masharti ya kazi mbadala yasiwe duni. Aliyeumia kazini, kabla hujamwandikia kazi nyepesi, pata maoni ya daktari kuhusu anachoweza na asichoweza, na kazi hiyo iandikwe kama wengine wote wanavyoandikiwa.

Kwa msomaji wa Kenya

Njia inafanana. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inahesabu maelezo ya kazi kuwa sehemu ya mkataba wa maandishi, na inamtaka mwajiri arekebishe mkataba kwa kushauriana na mwajiriwa, kisha amjulishe kwa maandishi. Kifungu cha 13 kinaweka ukomo: taarifa ya badiliko itolewe mapema iwezekanavyo, isizidi mwezi 1 baada ya badiliko. Utunzaji wa miaka 5 na mzigo wa ushahidi upo huko pia. Hesabu za saa na kazi ya ziada ni tofauti, kwa hiyo namba za juu usizihamishe.

Jalada, na wale waliobaki

Toleo la zamani usilitupe. Ligonge "limefutwa tarehe ……", lifuatiwe na muhtasari wa kikao, barua, toleo jipya na hati ya makabidhiano, kwa mpangilio wa tarehe. Nakala moja kwa mfanyakazi, moja kwenye jalada, moja kwa msimamizi.

Usisubiri mwisho wa mwaka. Fungua maelezo ya kazi kila mfumo mpya unapofungwa, mtu anapoondoka bila kuzibwa nafasi yake, zamu zinapobadilika, au msimamizi anapopatikana mpya. Na siku unapolihuisha la mtunza stoo, shika pia la keshia, la mhasibu na la msimamizi. Jukumu la kupeleka fedha benki likiongezwa kwake na lisifutwe kwa mhasibu, linabaki na wenyewe wawili, na kuna Alhamisi ambayo kila mmoja ataamini kwamba mwenzake ameshakwenda.